Motokaa ya Viti Viwili

"Bibi harusi huchukuliwa amefunikwa," alisema Mwajabu, amekalia mbuzi ya kukunia, kifuu cha nazi mkononi. "Wewe unataka kumtembeza mtoto wa watu kwenye motokaa isiyo na paa, kama papa anayekwenda kuanikwa?"

"Turubai lipo," alijibu Mwinjuma mumewe. "Unalivuta hivi, linafunika."

"Linafunika?"

"Likiamua."

Mwajabu alicheka mpaka machicha yakamwagikia magotini. Mwinjuma hakucheka. Alikuwa amechutama kizingitini mwa nyumba yao ya Temeke, bado na kanzu yake nyeupe ya jikoni kwa Mzungu, anaitazama barabara ya mchanga kana kwamba kuna kitu kinakuja. Walikuwa wanakuja kuku tu.

Basi, ilikuwa mwaka wa pili tangu Malkia avikwe taji. Mwinjuma alikuwa mpishi Oysterbei, kwa Mzungu ambaye watumishi walimpa jina la Bwana Miwani, na Bwana Miwani alikuwa anarudi kwao Ulaya moja kwa moja. Kila kitu chake kilikuwa kinauzwa, vitanda, sahani, vitambaa vya meza, mpaka mbwa. Na motokaa. Ilikuwa nyekundu, motokaa ya mbio, ina viti viwili tu na pua ndefu kama mtu mwenye majivuno. Ilitengenezwa kabla ya vita vya Hitla, na Bwana Miwani mwenyewe aliinunua ikiwa imekwisha pita mikononi mwa watu.

Mwinjuma ndiye aliyeiosha kila asubuhi. Jumapili, maji yakipwa, Bwana Miwani humkalisha kwenye usukani wakaenda kukimbia juu ya mchanga mbichi wa pwani, mawimbi yanarukia magurudumu, ndege wanapisha. Kwa mchezo huo Mwinjuma akajua kuendesha, akapata na leseni, akaifunga ndani ya leso kama hirizi. Tangu hapo akawa mtu wa kunyamaza katikati ya maneno. Unamwambia chumvi imekwisha, anakwambia naam, lakini sura yake iko mbali, inapigwa upepo.

"Bwana akiondoka, kazi imeondoka," alisema sasa. "Wapishi Oysterbei wamekuwa wengi kuliko vyungu. Lakini mwenye motokaa kama ile, mama watoto, huyo haombi kazi. Bwana harusi ataikodi. Wakubwa wa ngoma wataikodi siku za maandamano. Nani Temeke nzima anayo?"

"Na siku zisizo na harusi? Tutakula honi?"

"Tutakwenda Bagamoyo kumtazama Mwanabaraka."

Hapo Mwajabu akaacha kukuna. Mwanabaraka alikuwa binti yao wa pekee, ameolewa Bagamoyo, na mama yake hakuwa amemtia machoni siku nyingi.

Bwana Miwani alikuwa ametaja bei ya huruma, maana Mwinjuma ni mtu wake. Lakini huruma ya Mzungu nayo ilikuwa sawa na shamba zima la minazi la Mwajabu kule Mtoni, lile aliloachiwa na marehemu mama yake. Katika minazi ile mmoja ulipandwa juu ya kitovu cha Mwajabu, na mwingine juu ya kitovu cha Mwanabaraka. Nazi za shamba hilo ndizo zilizotoa mafuta aliyouza, na tui walilolia wali, na makuti yaliyoezeka nyumba yao. Mnunuzi alikuwepo, bwana mmoja aitwaye Sadallah, mfanyabiashara wa nazi kavu, ambaye kwa miaka alikuwa akilipita shamba lile kama paka anavyopita jikoni.

"Njoo uione tu," Mwinjuma alisema kwa sauti ndogo. "Ukishaiona, ukisema hapana, mie nitanyamaza."

"Kuona si kununua," alisema Mwajabu, akaendelea kukuna.

*

Jumapili walikwenda watatu. Wa tatu alikuwa Albano, jirani yao, Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa magari katika gereji moja ya Gerezani. Mwinjuma alimwomba aje aipime motokaa, kwani yeye mwenyewe alijua kuiendesha na kuiosha, lakini ya ndani hakuyajua.

Sasa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, tangu zama za misafara ya pembe za ndovu. Mtani hakasirikiwi. Albano na nyumba ile hawakuwa wamewahi kuamkiana vizuri hata siku moja.

"Hodi, wala nazi! Mmeamka, au ngoma ya jana bado iko kiunoni?"

"Karibu, mla michembe ya viazi," Mwajabu alimjibu toka ndani. "Leo huna mzigo kichwani? Au babu yako alibeba yote mpaka akakumalizia?"

"Alibeba mahari ya bibi yako, ndiyo maana aliteguka shingo."

Wakaenda hivyo njia nzima, mpaka walipofika Oysterbei maneno yakapungua yenyewe. Nyumba za kule zilikuwa zimekaa mbalimbali, kimya, kama watu waliogombana. Walipita mlango wa nyuma. Bwana Miwani alikuwa na wageni waliokuja kuchagua vyombo, na Mwinjuma, ingawa siku hiyo alikuwa amepewa ruhusa, akaambiwa kwanza apitishe kahawa.

Mwajabu alisimama penye ngazi za jikoni, amevaa kanga zake mpya. Memsahibu mmoja akatoka na kivuli cha taa mkononi, kifuniko cha kitambaa chenye shada. Alimtazama Mwajabu pasipo kumwona, akampa kile kivuli. "Shika," akasema, akarudi ndani. Mwajabu akashika. Jua likapanda, akashika. Mwinjuma alipita na sinia la vikombe, akamwona mkewe amesimama na lile dude kifuani kama mtoto wa watu, na mdomo wake ukafunguka, lakini kahawa ilikuwa inapoa na wageni wanangoja. Akapita.

Memsahibu aliporudi alikichukua kivuli chake, akasema kumbe hakitaki.

"Shemeji," Albano alimnong'oneza Mwajabu, "ungekivaa kichwani, ungepata mume wa pili."

"Nyamaza, mbwa wee," alisema Mwajabu, na machozi yaliyokuwa karibu yakageuka kicheko.

Mwisho Bwana Miwani alitoka, akawafungulia banda. "Motokaa mzuri sana hii," alisema kwa Kiswahili chake. "Taka mapenzi kidogo tu." Akawapa ufunguo, akarudi kwa wageni.

Albano akavua shati, akalala chali, akaingia chini. Nje zilibaki nyayo zake tu. Ikasikika bisibisi inagonga chuma, ngo, ngo, halafu pakawa hapana sauti. Akakaa kule muda.

"Mtani!" alipaza sauti toka chini.

"Naam!"

"Motokaa hii ina mifupa ya bibi yako! Ukiigusa inamung'unyuka!"

"Bibi yangu kafa, we maluuni!"

"Basi ndiye huyu, mmemfukua mkampaka rangi! Bisibisi inazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Nyie mkikaa, kwa makalio hayo ya wali wa nazi, mtabaki Oysterbei, usukani utafika Kinondoni peke yake!"

Mwinjuma alicheka huku ameshika mbavu. Mwajabu alicheka mpaka akaegemea ukuta wa banda.

"Wacheni!" Albano aliendelea, anatoka amejaa vumbi jekundu uso mzima. "Kubadili minazi kwa kutu, hiyo akili ya Kizaramo. Mtauza mpaka makaburi mkanunue ngoma."

"Na wewe na umaskini wako wa Tabora," Mwinjuma alisema akijifuta macho, "umeona kitu chekundu, umepagawa."

Na Albano hakuwa amesema uongo hata neno moja. Aliyoyaona kule chini aliyasema yote, kwa lugha pekee ambayo mdomo wake uliijua mbele ya watu wale. Alijikung'uta, akavaa shati, akiamini wameelewa. Akaaga, akashika njia ya kwao.

*

"Panda," Mwinjuma alimwambia mkewe.

Alimfungulia kijimlango. Mwajabu akaketi, akajiona yuko chini sana, karibu na ardhi kama mtu aliyekaa mkekani, na mkeka ule ukanguruma. Wakatoka. Nyumba za kimya zikaanza kurudi nyuma, kisha miti, kisha upepo ukaja, ukaingia ndani ya kanga ukaijaza, na Mwajabu akaishika kwa mikono miwili huku anacheka peke yake. Bahari ilionekana, ikapotea, ikaonekana tena baina ya mivinje kama kitu kinachofuata.

Walishika barabara ya Kinondoni. Huko kulikuwa bado mikorosho na minazi na nyumba mojamoja za udongo. Wanawake waliotoka kisimani walisimama, madebe kichwani, wakapungia mkono, na kabla Mwajabu hajarudisha wakawa wamekwisha kuwa nyuma, wadogo, wazuri. Aliona kama yeye ametulia tuli na dunia ndiyo inayopita, kila mmoja na shughuli yake, na hakuna anayeweza kumpa kitu chochote ashike.

Akageuza uso akamtazama mumewe. Miaka yote ya ndoa yao, wakitoka, yeye alikwenda nyuma, kama wanawake wote. Mwinjuma wa njiani alimjua kwa kisogo. Sasa amekaa naye bega kwa bega. Akaona kumbe kidevu chake kina mvi. Akaona anavyotabasamu bila ya kujijua.

"Twende wapi?" Mwinjuma aliuliza.

"Bagamoyo."

"Petroli haitufikishi."

"Nimesema Bagamoyo, dereva."

Wakacheka. Akaenda mbele kidogo zaidi ya alivyotaka, akageuza penye kivuli cha mkorosho, akazima injini wakakaa. Maganda ya mabibo yalikuwa yananukia. Ile motokaa ilikuwa inapoa taratibu, inalia tik, tik, kama kitu kinachosahau.

"Muite Sadallah," alisema Mwajabu.

*

Sadallah alikuja Mtoni na kopo la chokaa. Alipita mnazi hadi mnazi, anagonga shina kwa kifundo cha kidole, anatazama juu, anasikitika.

"Imezeeka, Bibi. Nachukua kwa kukustahi tu."

"Imezeeka, lakini inazaa," alisema Mwajabu. "Wewe umezeeka, unazaa?"

Sadallah akacheka kwa pua, akachovya burashi, akaanza kutia alama. Kila shina alilipaka mstari mweupe. Mwajabu alimfuata nyuma kama mtu anayetembea usingizini. Kila mstari aliouona ulikuwa kwake kipande cha barabara ya Bagamoyo. Walipofika kwenye mnazi wa Mwanabaraka akaweka kiganja juu ya chokaa mbichi, hakujua kwa nini, akakiondoa. Wakapatana kwamba kesho Sadallah ataleta arubuni, pesa za kutangulia, na Ijumaa wataandikiana mbele ya jumbe.

Akirudi, penye bomba la maji alimkuta Albano anaosha mikono, katoka kazini.

"Shemeji, unatoka kuzika?"

"Natoka kuuza minazi. Kesho napokea arubuni. Keshokutwa utanisalimu kwa adabu, mie ni mwenye motokaa."

"Na mie keshokutwa nitakuwa Gavana," alisema Albano, akamrushia maji. Kisha akauona mkono wake. Chokaa ilikuwa imekauka kiganjani, nyeupe, mpaka kwenye mistari.

"Umetia alama kweli?"

"Ulidhani nacheza?"

Albano alibaki ameinama, bomba linamwagika.

*

Siku ile ile baada ya alasiri, Mwinjuma na mkewe wamekaa barazani, walimwona Albano anakuja. Alikuwa amenawa, amevaa shati la kanisani. Alipofika alivua kofia.

"Shikamoo, Bwana Mwinjuma. Shikamoo, Bi Mwajabu."

Shikamoo haikuwahi kupita baina yao. Mwinjuma alikuwa rika lake.

"We mla michembe," Mwajabu alisema, anajaribu kucheka, "umelewa pombe gani?"

Albano hakuurudisha utani ule. Uliangukia chini pale kama kikombe. Mwajabu akasimama, mkono kifuani.

"Nani kafa? Albano! Nani kafa?"

"Angekufa mtu, ningekuja nimevaa gunia, ninadai godoro la maiti, kama mtani yeyote. Unanijua." Alisimama wima, mkeka aliukataa. "Nimekuja kwa sababu ya ile motokaa. Vyuma viwili virefu vya chini, vinavyobeba injini na watu, vimeliwa na chumvi. Vimebaki maganda. Mtu amevibandika lami akapaka rangi juu. Sijui nani, pengine hata kabla ya Bwana wako. Itakwenda. Mwezi itakwenda, labda mwaka. Kisha itakatika, na itakatika ikiwa mbioni, na watu ndani."

"Mbona Jumapili hukusema?" aliuliza Mwinjuma.

"Nilisema. Haya yote nilisema."

"Ulikuwa unatania!"

"Mkacheka," alisema Albano. "Mie nilidhani mnacheka kwa kuwa mmeelewa."

Kuku mmoja alipita katikati yao, hakuna aliyemfukuza.

"Chumvi imetoka wapi?" Mwinjuma alisema polepole. "Mie naiosha kila siku. Kwa mkono wangu."

"Unaiosha juu. Pwani mlikuwa mnaikimbiza kwenye maji ya bahari, Jumapili kwa Jumapili. Ndipo ilipokuwa inaliwa."

Hilo ndilo lililompata Mwinjuma. Alisimama.

"Sema umeona kijicho. Umri wako wote uko chini ya magari ya watu, unadondokewa na mafuta machoni. Hutaki kuona mtu mweusi mwenzako amekaa juu."

Neno kama lile, kwa siku za kawaida, Albano angelirudisha na riba. Aliinamisha kichwa tu. "Kwaherini," alisema, akavaa kofia, akaondoka. Walimtazama mpaka alipoingia uani kwake. Adabu yake iliwaogopesha kuliko maneno.

"Siuzi," alisema Mwajabu.

"Uliipenda. Nilikuona."

"Niliipenda. Bado naipenda, mume wangu, nikifumba macho nipo ndani yake." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Lakini Bwana akiondoka, minazi ndiyo itakayotulisha. Mnyamwezi yule hajaniamkia tangu aje mji huu. Leo kaniamkia. Siuzi."

Mwinjuma aliingia ndani. Asubuhi Mwajabu alikwenda Mtoni, akachukua kumbi la nazi na maji, akasugua chokaa shina hadi shina. Sadallah alimkuta katikati ya kazi, akanuna, akasema wanawake hawana neno. Mwajabu alisema ni kweli, akaendelea kusugua.

*

Motokaa ilichukuliwa na kijana wa Kigiriki wa shamba la mkonge. Mwinjuma ndiye aliyeambiwa aing'arishe siku hiyo, akaing'arisha. Akamwonyesha Mgiriki namna ya kuvuta choki asubuhi injini ikiwa baridi, na namna ya kulibembeleza turubai. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa dini, akasema:

"Bwana, chini ina kutu. Mbaya. Itakatika."

Mgiriki akacheka sana. Akampiga begani, akamtia shilingi mfukoni, akapanda.

Ikaondoka vizuri. Hakuna kilichokatika. Ilipita lango, ikakunja, jua likapiga madigadi mara moja, ikaenda inaimba mpaka sauti yake ikachanganyika na ya bahari. Mwinjuma alisimama na kitambaa mkononi. Bwana Miwani alimwita mara mbili kwa ajili ya chai.

Meli nayo ikaondoka na Bwana Miwani. Mwinjuma akarudi Temeke na barua ya kumsifu mapishi yake, na sufuria mbili za zawadi. Alisaidia kuangua nazi na kukamua mafuta. Hakugomba na mtu. Ila kuongea hakuongea, na Albano hakupita tena barabara ya mbele ya nyumba. Alizunguka nyuma, kwenye mashimo ya takataka. Mtani aliyeamkia kwa adabu hajui tena aingie kwa mlango gani.

Siku moja alasiri Mwajabu alikuwa amekalia mbuzi barazani. Mwinjuma akatoka na kigoda. Akakiweka upande wa kulia wa mkewe, sambamba kabisa, vyote viwili vinatazama barabara. Akaketi. Akanyoosha miguu kama mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga.

Mwajabu alimtazama kwa pembe ya jicho. Akaweka kifuu chini.

"Twende wapi?" Mwinjuma aliuliza.

"Bagamoyo."

"Mbali."

"Nimesema Bagamoyo, dereva."

Mwinjuma akainua mikono yake iliyojaa mafuta ya nazi, akaikunja hewani kama aliyeshika usukani, mmoja juu kidogo kuliko mwingine. Wakakaa hivyo. Mchanga wa barabara ulikuwa mweupe kwa jua, na kivuli cha mawingu kilikuwa kinaupitia, ukiutazama sana unaona kama ndio unaokuja.

Kule mwisho akatokea Albano na sanduku lake la vyuma begani. Mvua ya jana ilikuwa imejaza maji njia ya nyuma, hakuwa na pengine pa kupita. Aliwaona, akapunguza mwendo. Akawaona walivyokaa. Akasimama katikati ya barabara, na uso wake ukahangaika, hajui aweke nini juu yake.

"Ilikwenda vizuri, kwa taarifa yako!" Mwinjuma alimpigia kelele. "Mgiriki kaondoka nayo, inaimba!"

Albano alifikiri kidogo.

"Hata maiti inakwenda," alisema kwa uangalifu, "ikibebwa."

Mwajabu akaziba mdomo. Mwinjuma akakaza mikono yake hewani.

"Ondoka barabarani, mla michembe! Nakugonga!"

Na Albano, mtu mzima, fundi, na sanduku lake zito, akaruka akaangukia mtaroni, vyuma vikamwagika vyote. Mwajabu akavuta kanga yake kichwani, akaishika kwa mikono miwili, upepo usiichukue.